Helikopta Nyeupe ya Goma: Rangi, Mwanga na Ushahidi katika Kiigizo cha Urukaji

Kiigizo cha urukaji ni programu ya kompyuta inayomwezesha mtu kuongoza chombo cha angani bila kuondoka kitini. Marubani huvitumia viigizo kujifunzia kazi kabla ya kukabidhiwa ndege yenyewe, na raia wa kawaida huvitumia kwa burudani na elimu. Kwa kuwa programu nyingi za namna hii humruhusu mtumiaji kubadili sura ya ndege, umezuka ufundi mahususi: mtu huchukua helikopta iliyokwisha kuundwa ndani ya programu, akaivika upya rangi, herufi, namba na bendera, hata ikafanana na helikopta fulani ya kweli iliyopata kutumika mahali fulani, katika mwaka fulani.

Kwa mtazamo wa haraka kazi hiyo ni ya kupaka rangi tu. Kwa hakika ndani yake mna jiometria, fizikia ya mwanga na kanuni za kupima ushahidi, ambazo ndizo kanuni za mwanahistoria. Tena kosa lake halibaki mchezoni. Picha iliyotengenezwa katika kompyuta ikisambaa, haukawii kutokea mkono wa kuichapa kana kwamba ni picha ya tukio lenyewe, na mwanafunzi wa kizazi kijacho akaamini kuwa ndivyo ilivyokuwa. Katika mfano unaochaguliwa hapa jambo hilo lina uzito, kwa sababu chini ya helikopta zinazozungumzwa walipigana askari wa Tanzania, na baadhi yao hawakurudi.

Helikopta yenyewe

Tarehe 28 Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio Namba 2098, lililounda kikosi cha kujibu mashambulizi ndani ya MONUSCO, yaani ujumbe wa Umoja wa Mataifa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Askari wake walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Mwezi Agosti mwaka huo, katika mapigano ya vilima vya Kibati kaskazini ya mji wa Goma, askari wa nchi kavu walisaidiwa na helikopta za Mi-24 zilizorushwa na kikosi cha Ukraine. Tarehe 4 Novemba helikopta za Rooivalk za Afrika Kusini zilishambulia ngome ya waasi wa M23 katika kilima cha Chanzu, wilayani Rutshuru. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa aina hiyo kutumika vitani. Kesho yake M23 ilitangaza kusitisha uasi wake. Kundi hilo lilikuja kuinuka tena baadaye, na mwaka 2022 Ukraine ilikiondoa kikosi chake cha helikopta ili kirudi kuitetea nchi yake.

Helikopta hizo zote zilikuwa nyeupe, na ubavuni ziliandikwa herufi UN kwa rangi nyeusi. Jambo hili lafaa kutafakariwa. Helikopta ya kivita aghalabu hupakwa rangi ya maficho, ya kijani, kahawia au kijivu, ili isionekane upesi. Nyeupe ya Umoja wa Mataifa ina kusudi lililo kinyume kabisa: yataka ionekane kutoka mbali, na imwambie kila mwenye silaha kwamba chombo hiki hakina upande. Hapa rangi hiyo ya amani ilivikwa chombo chenye mizinga na roketi, kwa sababu azimio lenyewe liliruhusu kushambulia. Wanasheria na wanajeshi wamejadili sana maana ya jambo hilo. Mchoraji anayeipaka Mi-24 ya Goma rangi ya kijani kwa kuwa kijani chapendeza zaidi huwa amelifuta swali zima.

Umbo kabla ya rangi

Mi-24 iliruka mara ya kwanza mwaka 1969, na tangu hapo imeundwa kwa aina nyingi. Aina ya Mi-24V ina bunduki ya mitutu minne ya milimita 12.7 inayogeuka chini ya pua. Aina ya Mi-24P haina bunduki hiyo. Badala yake ina mzinga wa mitutu miwili wa milimita 30 uliofungwa imara ubavuni, upande wa kulia. Rangi haiwezi kubadili pua. Atakayeandika namba ya helikopta ya aina moja juu ya umbo la aina nyingine ametengeneza chombo ambacho hakikuwahi kuwapo, hata kama kila herufi imekaa mahali pake. Aina ya Mi-24P imekuwamo katika kiigizo cha DCS World tangu mwaka 2021. Rooivalk nayo ni chombo tofauti kabisa: haina chumba cha kubebea askari, na magurudumu yake hayakunjwi kama ya Mi-24. Hata hivyo weupe wa pamoja huwapoteza wengi, wakaitaja moja kwa jina la nyingine.

Kosa jingine ni la tarehe. Mfano wake uko karibu sana na wasomaji wa Ikinga, wilayani Ileje katika Mkoa wa Songwe, kwa kuwa ng'ambo ya Mto Songwe ni Malawi. Bendera ya Malawi ya tangu uhuru wa mwaka 1964 ina mistari myeusi, myekundu na ya kijani, na jua jekundu linalochomoza katika mstari mweusi. Mwezi Julai 2010 ilibadilishwa: mstari mwekundu ukawa juu, na katikati likawekwa jua kamili jeupe. Mwezi Mei 2012 bendera ya zamani ilirudishwa. Basi mtu akichora vifaa vya kikosi cha Malawi cha mwaka 2013 na kuvitia jua jeupe, amekosea kwa mwaka mmoja tu, lakini amekosea. Si ajabu, maana katika mkusanyiko wa picha za kompyuta bendera zote mbili huonekana mpya na safi, na hakuna iliyoandikwa tarehe.

Ngozi iliyokunjuliwa

Fundi cherehani hawezi kushona koti kwa kitambaa kimoja kisichokatwa. Hulikata katika pande: mgongo, vifua viwili, mikono, ukosi, akazitandaza pande hizo juu ya meza, na kila upande ukawa bapa. Programu ya kiigizo hufanya vivyo hivyo kwa helikopta. Umbo lenye mviringo hukatwa katika pande, nazo hutandazwa katika picha moja ya mraba au picha kadhaa. Mchoraji hupaka rangi juu ya pande hizo bapa, na kompyuta huzirudisha mwilini.

Matatizo mawili hutokea hapo. La kwanza ni la mishono: herufi inayopita kutoka upande mmoja hadi mwingine lazima ikutane na nusu yake, kama fundi anavyopaswa kuyakutanisha maua ya kitenge mahali pa mshono. La pili ni la kuvutika. Sehemu iliyoviringana haiwezi kutandazwa bila kuharibika kidogo, na mwalimu wa jiografia anayajua hayo kutokana na ramani ya dunia, ambamo nchi za kaskazini huonekana kubwa kuliko zilivyo. Duara lililochorwa vizuri kwenye pande bapa laweza kuwa yai likifika kwenye mkia wa helikopta. Dawa yake ni kuchora kwanza miraba midogo, mieusi na myeupe, juu ya picha nzima, kisha kuiangalia helikopta katika kiigizo: mahali ambapo miraba imevutika ndipo herufi nazo zitakapovutika, na kiasi cha kuvutika chaweza kupimwa.

Picha inayotumika sana ina nukta 4,096 kwa upana na 4,096 kwa urefu, jumla nukta 16,777,216. (Hesabu hiyo ni sawa kabisa na idadi ya rangi zinazoweza kuandikwa kwa viwango 256 vya nyekundu, 256 vya kijani na 256 vya buluu. Ni sadfa ya vipeo vya mbili, na mwanafunzi wa hisabati aweza kuithibitisha mwenyewe.) Kiwiliwili cha Mi-24 kina urefu wa karibu mita 17.5. Kikitandazwa katika upana wote wa picha moja, kila mita itapata nukta 234, na nukta moja itakuwa na upana wa milimita 4 na zaidi kidogo. Maandishi madogo ya onyo kwenye mlango hayawezi kusomeka kwa kipimo hicho. Ndiyo sababu watengenezaji huzigawa sehemu za helikopta katika picha kadhaa.

Kwa njia hiyohiyo hupatikana ukubwa wa herufi. Ichukuliwe kwamba mwanafunzi amepata picha ya helikopta iliyopigwa kwa ubavu, na kiwiliwili kina urefu wa milimita 350 katika karatasi. Milimita moja ya karatasi basi ni sentimita 5 za kweli. Herufi yenye kimo cha milimita 24 katika karatasi itakuwa na kimo cha mita 1.2, nayo itachukua nukta 281. Hesabu ni nyepesi, lakini yafaa tu ikiwa kamera ilisimama mraba na ubavu. Picha ya mshazari hufupisha urefu kuliko kimo, na kipimo kilichotolewa kwenye urefu hakitafaa kwa kimo. Katika picha ya namna hiyo hutafutwa kitu kilicho karibu na herufi na chenye ukubwa unaojulikana, mathalani mlango au gurudumu.

Weupe usio mweupe

Sehemu iliyobaki ndiyo ngumu kuliko zote, nayo ndiyo huwashinda wengi. Mtu akiambiwa apake nyeupe, huandika 255 kwa nyekundu, 255 kwa kijani na 255 kwa buluu, akaona kazi imekwisha. Helikopta hiyo ikiwekwa katika jua la kiigizo hung'aa kama taa. Mistari ya mabati yake hupotea, na ubavu wote huwa kama karatasi iliyokatwa.

Sababu ni kwamba hakuna rangi ya mafuta inayorudisha mwanga wote unaoiangukia. Rangi nyeupe iliyo safi hurudisha takriban asilimia 80. Lakini asilimia 80 ya 255 ni 204, na 204 nayo si jawabu. Kompyuta haiandiki kiasi cha mwanga moja kwa moja. Jicho la mwanadamu hutambua tofauti ndogo katika giza kuliko katika mwangaza, na kwa hiyo namba zimepangwa kwa mkunjo, ili nyingi zaidi zitumike katika sehemu za giza. Kwa mkunjo huo nusu ya mwanga haiandikwi 128 bali 188, na asilimia 80 huandikwa 231. Rangi nyeusi ya herufi nayo si sifuri: rangi nyeusi hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga, na asilimia 4 huandikwa 56. Helikopta iliyopakwa 231 na kuandikwa kwa 56 huonekana ya kweli kuliko ile ya 255 na 0, ingawa katika meza ya mchoraji ya kwanza yaonekana chafu.

Je, si rahisi zaidi kuigusa picha halisi kwa chombo cha kusomea rangi na kunakili namba? Hapana, na hapa ndipo fizikia inapoingia kwa nguvu. Kamera ya kawaida hukisia kuwa mandhari iliyo mbele yake, kwa wastani, hurudisha asilimia 18 ya mwanga. Ikielekezwa kwenye kitu cheupe kinachojaza picha nzima, hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza. Nyeupe ikatoka kijivu. Zaidi ya hayo, kitu cheupe hakina rangi yake cha kutetea. Kivulini huangazwa na anga, kikawa na ubuluu. Jioni huwa cha manjano. Juu ya majani tumbo lake hupata ukijani. Picha kumi za helikopta moja zitatoa nyeupe kumi, na zote ni kweli kwa saa zilipopigwa.

Jambo hili halihitaji safari ya Goma. Wanafunzi wa Ikinga waweza kuliona kwa karatasi nyeupe na simu yenye kamera. Karatasi ibandikwe kwenye ubao na kupigwa picha saa moja asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na moja jioni. Mara moja juani na mara moja kivulini. Mara moja juu ya majani na mara moja juu ya udongo mtupu. Kisha picha zifunguliwe katika programu ya GIMP, ambayo haina malipo, na namba za nyekundu, kijani na buluu zisomwe katikati ya karatasi. Karatasi ni ileile, namba hazitakuwa zilezile. Siku ya ukungu ifanywe pia, kwa maana katika ukungu mwanga hutoka pande zote na vivuli hufifia, na hali ya namna hiyo ndiyo inayofaa zaidi kusomea rangi.

Kutokana na hayo kanuni ya kazi ni hii: rangi haisomwi kwa namba yake bali kwa jirani yake. Mchoraji hutafuta ndani ya picha ileile kitu kingine ambacho rangi yake yajulikana, akakisahihisha hicho kwanza, ndipo akaisoma helikopta. Kofia ya buluu ya mlinzi wa amani aliyesimama kando yaweza kusaidia, ingawa kofia nazo huchujuka kwa jua, na ya zamani hudanganya kama kitu kingine chochote.

Moshi na vumbi

Helikopta mpya kutoka kiwandani haina historia. Ile iliyofanya kazi ina alama, na kila alama ina sababu. Injini mbili za Mi-24 hutoa moshi kupitia matundu ya pembeni, mbele kidogo ya shina la rafadha kuu. Kwa hiyo masizi hulala kwenye ubavu kuelekea mkiani, nayo kwenye rangi nyeupe huonekana kuliko kwenye rangi yoyote. Rangi hukwaruzika mlangoni ambapo buti hupita, na kwenye vidato ambavyo fundi hukanyaga. Mafuta huteremka, hayapandi. Mchoraji anayenyunyiza uchafu sawasawa mwili mzima amesahau kuuliza kila doa limetoka wapi.

Kisha kuna vumbi. Imekuwa desturi, hasa miongoni mwa wachoraji wa mbali, kuipaka vumbi jekundu kila ndege iliyopata kutumika Afrika. Udongo mwekundu upo, na wekundu wake watokana na chuma kilichoungana na oksijeni. Lakini Goma umejengwa juu ya zaha ya Nyiragongo. Mwezi Januari 2002 zaha ya mlima huo ilipita katikati ya mji na kufunika sehemu ya njia ya kurukia ya uwanja wa ndege, na mwezi Mei 2021 ikateremka tena hadi pembezoni mwa mji. Mawe yake ni meusi, na vumbi lake ni la kijivu kilichokoza. Helikopta nyeupe ya Goma yenye magurudumu mekundu ni ya mahali pengine. Hapa pia mwalimu aweza kutumia kilicho karibu: udongo uliokusanywa katika sehemu tatu au nne za kata, kandokando ya mto, shambani, barabarani, upakwe kwenye kadi nyeupe ukiwa mkavu na ukiwa umelowa. Tofauti itakayoonekana ndani ya kata moja yatosha kuonyesha jinsi neno "vumbi la Afrika" lisivyo na maana.

Hati ya kazi

Shule isiyokuwa na programu ya kununuliwa yaweza kuanza na FlightGear, ambayo hutolewa bure, na ambamo helikopta ya Bo 105 ina rangi kadhaa za kuchagua na kuchunguza jinsi zilivyopangwa katika matabaka. Mwanafunzi atie kila kitu katika tabaka lake: rangi ya msingi, mistari ya mabati, herufi, masizi, vumbi. Ushahidi mpya ukipatikana, tabaka moja hubadilishwa bila kuharibu mengine.

La mwisho ni hati fupi inayoambatana na kazi. Ndani yake huandikwa helikopta ni ipi, ya mahali gani na tarehe gani, na kila sehemu imetokana na nini. Picha iliyopigwa na mwandishi wa habari na kuandikwa tarehe ina uzito kuliko picha isiyo na tarehe; maelezo ya fundi aliyeihudumia helikopta yaweza kuwa na thamani kubwa kuhusu mahali pa mkwaruzo, na thamani ndogo kuhusu namba ya rangi. Kazi ya mchoraji mwingine wa kompyuta si ushahidi kabisa, maana huenda naye alinakili kwa mwingine, na kosa moja likaonekana limethibitishwa mara tano. Mahali ambapo picha haikupatikana huandikwa hivyo, bila haya: "Ubavu wa kushoto: kwa picha mbili za Agosti 2013. Ubavu wa kulia: haukuonekana, umechorwa kwa kufuata wa kushoto. Namba ya mkiani: tarakimu ya mwisho ina mashaka." Atakayekuja baadaye na picha ya ubavu wa kulia atajua pa kuanzia.